Leso Tumboni mwa Ndovu

Nyumba ya Mbinya ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa safi. Tena usafi wenyewe haukuwa wa kubahatisha. Pale Ukunda, upande wa uwanja wa ndege, wanawake walikuwa wakimtaja kwa usafi huo. Ukiingia kwake ulivua viatu bila kuambiwa. Sakafu ya saruji iling'aa, na zulia jekundu la sebuleni halikuwa na hata uzi mmoja. Mtu mvivu akimtembelea, alirudi kwake kimya kimya na kushika ufagio.

Na hilo halikuwa jambo jepesi, maana Mbinya alikuwa fundi wa kushona. Charahani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha. Alishona mapazia na foronya za nyumba za wageni kule Diani, na mito aliijaza sufi. Aliyeshika sufi anaijua tabia yake. Ni pamba ya mti, nyepesi, mtu akipiga chafya tu inaruka. Ongeza na mchanga wa pwani, ambao huingia ndani bila kupiga hodi.

Mumewe, Tsuma, alikuwa mtunza bustani Diani. Alikuwa mwanamume mpole na mcheshi, lakini mikono yake haikutulia. Kitu kikiharibika alikifungua. Mara nyingine alikifungua hata kabla hakijaharibika.

Walikuwa na mtoto mmoja, Mapenzi, msichana wa miaka minane. Mapenzi alipenda kusoma kwa sauti kuliko alivyopenda kula. Alisoma vibao vya maduka. Alisoma pakiti za majani ya chai. Akina mama wakipita njiani, alisoma maneno ya leso zao mpaka wakageuka kumtazama.

Lakini Mapenzi alikuwa na pumu. Alianza sentensi vizuri, kisha kikohozi kikaja katikati. Kifua kilipiga mluzi. Maneno yaliyobaki hayakusomwa tena, na mtoto aliinamisha kichwa kwa aibu. Mbinya alipomwona hivyo, roho ilimuuma.

Walimpeleka hospitali Msambweni. Daktari alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akawafundisha wazazi jinsi ya kuitumia. Kisha alimweleza Mbinya habari za vumbi. Alisema vumbi baya zaidi ni lile jembamba lisiloonekana, kwa sababu huelea hewani na kuingia kifuani. Ufagio mkavu hauliondoi, hulirusha tu. Mbinya alirudi nyumbani akiutazama ufagio wake kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

Mungu si Athumani. Mwezi huohuo mwajiri mmoja wa Tsuma alikuwa akihama, akampa mashine ya kufyonza vumbi. Ilikuwa ya kijivu, ina magurudumu madogo na mpira mrefu wa kuvutia vumbi. Mapenzi alipouona mpira ule alisema ni mkonga. Tangu hapo mashine ikaitwa Ndovu, na jina hilo halikubanduka.

Ndovu alifanya kazi ya kusifiwa. Alivuta mchanga, akavuta nyuzi, akavuta sufi. Vumbi lote lilibaki tumboni mwake, ndani ya mfuko wa karatasi ngumu. Kikohozi cha Mapenzi kikapungua. Alianza tena kusoma, na siku moja alimsomea baba yake tangazo zima la rangi za nyumba bila kukatika. Tsuma alipiga makofi kana kwamba mtoto amefuzu chuo.

Kisha mfuko ukajaa. Ndovu akawa analia kwa sauti nyembamba na havuti kitu. Tsuma alipoutoa ule mfuko, ukamchanikia mkononi. Alizunguka kutafuta mwingine katika maduka ya ndoo na sabuni, asiupate. Akarudi nyumbani amenuna.

Mbinya alicheka. Yeye anashona mapazia ya hoteli, ashindwe na mfuko? Alibandua ule mdomo wa kadibodi uliokuwa kwenye mfuko wa zamani, akauweka mezani. Alipima. Akafikiri ni kitambaa gani kinachofaa. Kizito kingemnyima Ndovu pumzi, kwa hiyo alitaka chepesi na laini. Mwisho alifungua kasha lake, akatoa upande mmoja wa leso.

Leso hiyo haikuwa leso hivi hivi. Mama yake alimpa siku alipomzaa Mapenzi, na ndiyo aliyombebea mtoto mgongoni. Ilikuwa imefuliwa mara nyingi mpaka ikawa laini kama ngozi ya sikio. Maneno yake yalikuwa bado yanasomeka: YA NDANI HAYATOKI NJE, MWENYE KUYATAKA ANGOJE. Mbinya aliishika kwa muda. Halafu akachukua mkasi, kwa sababu afya ya mtoto ni bora kuliko kumbukumbu.

Mfuko ulitoka mzuri ajabu. Alishona mishono miwili miwili, akapiga pindo, akauacha msemo uonekane upande wa juu. Majirani waliuona wakausifu. Tsuma aliusifu zaidi kuliko wote.

Tsuma naye alitaka kuchangia. Alipokuwa akiuweka mfuko mpya, aliona kipande cha sponji nyuma yake, cheusi tii kwa uchafu. Alikichomoa, akawasha mashine. Ndovu alinguruma kwa nguvu kuliko siku zote. Tsuma akamwambia mkewe kwamba kile kitu ndicho kilichokuwa kinamkaba Ndovu. Akakirusha juu ya kabati, akaenda zake kuoga akipiga mluzi.

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyejua.

Haikupita muda, kifua cha Mapenzi kikaanza tena. Mara hii kilikuja kwa ukali. Dawa ya kuvuta, ambayo zamani ilitumika mara moja moja, sasa ilitumika karibu kila siku. Walirudi Msambweni, daktari akaongeza dawa, akauliza kama kuna vumbi nyumbani. Mbinya aliapa kwamba hakuna. Alisema kweli kwa kadiri alivyojua. Nyumba yake ilikuwa inang'aa.

Na kwa kuwa mtoto alizidi kuugua, Mbinya alizidi kusafisha. Zamani alimwasha Ndovu kila Jumamosi. Sasa alimwasha asubuhi, na alasiri akamwasha tena. Alisukuma ile mashine chini ya kiti, nyuma ya pazia, juu ya godoro. Jasho lilimtiririka. Maskini mama wa watu, kadiri alivyofanya bidii ndivyo mtoto alivyozidi kukohoa.

Habari zikafika Kikoneni, kwa mama yake Mbinya. Huyo aliitwa Kavenya, na Mapenzi alimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Alikuwa mkulima, mwanamke mwembamba mwenye neno moja. Alikuja Ukunda na kikapu cha mihogo, akakaa, akamsikiliza mjukuu wake akikohoa mchana kutwa. Mara tu aliposikia jina la ile mashine alikunja uso. Ndovu walishamlia mahindi yake zaidi ya mara moja, na hakuona vipi mtu mwenye akili angemweka mmoja sebuleni.

Kabla hajaondoka alitoa hukumu yake. Alisema hewa ya Ukunda haipatani na mtoto. Kikoneni kuna hewa ya shamba, na shule ipo. Shule zikifungwa, atakuja kumchukua Mapenzi akaishi naye.

"Kwa muda gani, mwaitu?" Mbinya aliuliza. Kwao, mwaitu ndiyo mama.

"Mpaka apone. Au mpaka akue," Susu alijibu. "Unataka mtoto karibu nawe, au unamtaka mzima?"

Tsuma alitoka nje akajifanya anatengeneza mlango wa banda la kuku, ambao haukuwa na kasoro. Mbinya alibaki amekaa mbele ya charahani bila kushona. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na sasa ataondoka. Kibaya zaidi, Susu alisema kwa upendo, hata kumkasirikia haikuwezekana.

Wiki ya mwisho ya masomo, asubuhi moja Mapenzi hakwenda shule kwa sababu ya kifua. Alikaa juu ya kochi, miguu juu, kitabu mapajani. Mama yake alikuwa anapitisha Ndovu kwenye zulia. Hodi ikapigwa mlangoni, wala haikusubiri kuitikiwa.

Aliyeingia alikuwa jirani yao, Bi Mbeyu, amekuja kuchukua mapazia yake. Hebu tumweleze kidogo mama huyu, maana anastahili. Alikuwa mkubwa wa mwili na mkubwa wa sauti. Kwa miaka mingi aliongoza wasafishaji wa vyumba katika hoteli moja ya Diani, mpaka alipostaafu. Aliijua kazi yake, na alijua kwamba anaijua, wala hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Alisema kitanda alichokitandika yeye hata nzi aliogopa kukikalia. Na waliokiona walisema ni kweli.

Siku hiyo Bi Mbeyu alisimama mlangoni. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia dirishani. Alitazama mwanga ule, kisha akanusa hewa, kisha akatega sikio.

"Zima," alisema.

Mbinya akazima, akaamkia. "Shikamoo, Bi Mbeyu."

"Marahaba, mwanangu. Mapenzi, toka nje ukacheze uani kwangu. Usirudi mpaka nikuite."

Mtoto alipotoka, Bi Mbeyu alionyesha dirisha kwa kidole. Ndani ya ule mwanga vumbi jembamba lilikuwa likielea, likipanda na kushuka. Mbinya alishangaa. Alikuwa amelipita dirisha lile mara elfu bila kutazama. Alisema haiwezekani, kwani amesafisha sasa hivi.

"Ndiyo hilo ninalolitazama," Bi Mbeyu alisema. "Umesafisha sasa hivi. Haya, nipe kitambaa cheusi."

Mbinya alimpa kipande cha bitana nyeusi kutoka kwenye kapu la mabaki. Bi Mbeyu akamzunguka Ndovu, akampapasa nyuma mpaka akaona mahali pa kutolea hewa. Akaifunga ile bitana hapo kwa uzi, bila kuikaza. Akamwambia Mbinya awashe na apitishe zulia lote kama kawaida yake.

Walipozima na kuifungua, bitana nyeusi ilikuwa imegeuka kijivu. Bi Mbeyu aliipangusa kwa kidole. Ulibaki mstari mweusi, na kidole chake kilikuwa kimepakwa vumbi kama mtu aliyekuwa akikanda unga.

Akaeleza polepole. Watu hudhani mashine hii inakula vumbi. Haili, inapumua. Inavuta hewa kwa mbele, na hewa ileile lazima itokee nyuma. Kazi ya mfuko ni kulizuia vumbi hewa ikipita. Nyuma ya mfuko kuna chujio, la kuzuia vumbi jembamba lililoponyoka. Mfuko ukiwa mbovu, au chujio likikosekana, vumbi nene hubaki lakini lile jembamba hupita na kutapakaa nyumba nzima. Macho yanaona zulia safi. Kifua ndicho kinachojua ukweli.

"Sasa tumfungue tumbo," alisema. "Lakini kwanza chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Mashine haifunguliwi ikiwa na umeme, hata kwa dakika moja."

Mbinya akachomoa, akafungua. Bi Mbeyu akauona mfuko wa leso. Aliutoa nje mpaka kwenye jaa, akaumwaga, akaukung'uta huku amejifunga mtandio puani. Aliporudi aliugeuza, akaipapasa mishono, akalitazama pindo.

"Nani ameshona hii?"

"Mimi."

"Mwanangu, hotelini nilikuwa na mafundi watatu. Hakuna aliyeweza kushona hivi." Akauinua mfuko kwenye dirisha. Mwanga ukapita, na kivuli cha mkono wake kikaonekana upande wa pili. Akasoma ule msemo kwa sauti. Akaanza kucheka, kicheko kile cha kutikisa mabega. "Ya ndani hayatoki nje! Ama leso yako ni mwongo wa kutupwa. Ya ndani yote yametoka!"

Mbinya hakucheka. Alikaa sakafuni palepale aliposimama.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Si hewa ya Ukunda. Ni mimi niliyekuwa nikimtia mwanangu vumbi kifuani, asubuhi na alasiri."

Bi Mbeyu akaacha kucheka. Mama mzima mwenye mwili ule aliteremka akakaa sakafuni karibu naye, na kuteremka kwenyewe kulikuwa kazi.

"Nisikilize, mwanangu. Mvivu hawezi kukosea hivi. Kosa hili ni la mtu anayempenda mtoto wake na ana mikono ya kazi. Ulitoa leso yako ukaikata. Nani mwingine angefanya hivyo? Hukuambiwa tu. Sasa umeambiwa. Inuka tumtibu huyu mnyama."

Wakaanza. Bi Mbeyu aliuchomoa ule mpira mrefu, akatumbukiza gololi ya Mapenzi upande mmoja. Gololi haikutokea upande wa pili. Alisema hiyo ndiyo dalili ya koo lililoziba. Akausukuma uchafu taratibu kwa mpini wa ufagio, mpini usio na ncha, asije akautoboa. Likatoka bonge la sufi lenye ukubwa wa yai, na gololi ikafuata nyuma. Kisha wakageuza kichwa cha kufyonzea. Brashi yake ilikuwa imeviringwa nyuzi za charahani, rangi zote. Mbinya alizikata kwa mkasi, uzi mmoja mmoja, kwa ustadi wa mtu wa kazi yake.

Tsuma aliporudi kula chakula cha mchana aliwakuta wamejaa vumbi, Ndovu amelala ubavu. Bi Mbeyu akamuuliza chujio liko wapi. Tsuma alijikuna kisogo. Alitazama dari. Mwisho alivuta kiti, akapanda, akaitoa ile sponji juu ya kabati, akaikabidhi huku akitazama chini. Mbinya akamwambia kwamba wamekosea wote wawili, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenziwe.

Bi Mbeyu akaendelea na somo. Sponji ya namna hii huoshwa kwa maji matupu, hukamuliwa kwa kuibonyeza bila kuisokota, halafu hukaushwa kivulini. Nayo ikauke kabisa. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo mtu asidanganyike kwa kugusa juu juu, aiache mpaka kesho kutwa. Ikirudishwa mbichi inaota ukungu, na ukungu nao huamsha pumu. Lakini chujio la karatasi halioshwi. Likichakaa hununuliwa jingine.

Alikuwa na maonyo mengine. Mfuko usingojwe ujae pomoni, ubadilishwe ukivuka nusu na kukaribia juu. Wakati wa kuchomoa, waya usivutwe, mtu ashike plagi yenyewe. Mashine hii isivute maji, maana ni ya vumbi kavu. Na isivute majivu ya jiko wala ya chetezo, hata yakionekana yamepoa. Hotelini msichana mmoja alivuta majivu ya udi yaliyokuwa na kaa moja hai ndani yake, na mfuko ukashika moto. Nyumba ikisafishwa, mtoto mwenye pumu awe nje, madirisha yawe wazi, na asirudi mpaka vumbi litue.

Tsuma alisikiliza yote. Halafu akasema kwa maoni yake dawa ni kumtupa Ndovu, wanunue mashine mpya kubwa yenye nguvu. Bi Mbeyu alimwambia waende dukani wote, wakaangalie kabla ya kutupa. Akamwita Mapenzi, akamlaza Ndovu chali, akamwomba asome namba zilizoandikwa chini ya tumbo. Mapenzi alizisoma, akasimama mara mbili kukohoa, akamaliza. Mbinya aliziandika.

Kwenye duka la vitu vya umeme, kando ya barabara ya lami, muuzaji aliwaonyesha mashine nyekundu kubwa kama pipa. Alisema ina wati elfu mbili. Macho ya Tsuma yakang'aa.

"Wati ni umeme inaokula," Bi Mbeyu alisema. "Mimi nauliza vumbi inalovuta, na linakwenda wapi."

Akaanza kuikagua, na wateja wengine wakaacha shughuli zao wakatazama. Aliomba iwashwe, akaweka kiganja mbele kupima mvuto. Akaweka bitana nyeusi nyuma. Alitazama kama mfuniko unafunga barabara au unaachia hewa pembeni. Aliiinua kwa mkono mmoja, akauliza nani atakayeibeba kila wiki. Akapima waya kama unafika chumbani. Akauliza kama kuna kichwa cha zulia na kichwa cha sakafu ya saruji.

Mashine ile haikuwa na mfuko, ilikuwa na kikopo cha kumwaga. Bi Mbeyu alisema kikopo ni kizuri, hakihitaji kununuliwa mifuko. Lakini kila kikimwagwa vumbi huruka, na kwa nyumba ya mtoto mwenye pumu ni afadhali mfuko unaofungwa na kutupwa mzima. Mwisho akauliza swali ambalo kwake lilipita yote. Chujio la mashine hii likichakaa, jingine litapatikana wapi? Muuzaji akasema pengine Mombasa, pengine Nairobi, hana hakika.

"Mashine isiyopatikana vipuri ni pambo," Bi Mbeyu alimwambia Tsuma. Tsuma akaiaga ile nyekundu kwa macho.

Kisha wakampa muuzaji zile namba za Ndovu. Akapiga simu Mombasa. Mifuko ya Ndovu ilikuwepo, na chujio jipya laini pia, na siku chache baadaye vikaletwa, Mbinya akavitia ndani ya Ndovu. Siku zote za kungoja Mbinya hakugusa ufagio wala mashine. Alipangusa kwa kitambaa chenye maji, akapiga deki, kama Bi Mbeyu alivyomwelekeza. Na kazi ya kujaza sufi aliihamishia barazani, mlango wa nyumba ukiwa umefungwa.

Shule zikafungwa. Susu alimpigia simu Mbinya kumwambia amfungie mtoto nguo. Mbinya aliomba muda. Alieleza habari za mfuko na chujio, lakini Susu hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Alichokubali ni kwamba atangoja mahindi yavunwe, kisha atakuja, na akija hatarudi mikono mitupu. Mbinya akazikunja nguo za Mapenzi, akazitia kwenye begi. Begi likakaa karibu na mlango, na kila alipolipita alilitazama kama mtu anayetazama mgeni asiyempenda.

Susu alikuja siku ya Jumamosi, akawakuta wote nyumbani, na Bi Mbeyu naye yupo. Baada ya maji ya kunywa na habari za shamba, Susu aliinuka akalishika begi. Hapo Mbinya akamwomba jambo moja tu. Alimtoa Mapenzi nje, akafungua madirisha, akatoa Ndovu. Akamwomba mama yake avue kitambaa chake cheupe cha kichwani akishike nyuma ya mashine.

Susu alikubali kwa shingo upande. Alikaa ameshika kitambaa nyuma ya Ndovu, uso umekunjamana kama mtu anayelinda shamba. Mbinya alipitisha zulia lote. Alipozima, Susu aligeuza kitambaa huku na huku, akakipeleka kwenye mwanga. Kilikuwa cheupe. Alikinusa pia, maana si mtu wa kuamini upesi. Kisha akakifunga tena kichwani.

Vumbi lilipotua wakamwita mtoto. Mapenzi aliingia ameshika kile kimfuko cha leso kilichotolewa tumboni mwa Ndovu. Mama yake alikuwa amekifua, akakitilia uzi wa kufungia, na sasa kilikuwa cha kutilia vitabu. Susu aliitambua leso yake mara moja. Aliuliza kwa mshangao nani ameikata, na Mbinya akamweleza kwa nini aliikata. Susu akanyoosha mkono.

"Lete," alimwambia Mapenzi. "Macho yangu hayaoni. Nisomee imeandikwaje, nimesahau."

Mapenzi akakinyoosha kimfuko mapajani mwa Susu. Mbinya alijikuta amezuia pumzi yake mwenyewe.

"Ya ndani hayatoki nje, mwenye kuyataka angoje," Mapenzi alisoma. Hakukatika. Akafungua kitabu alichokitia humo, akaendelea kusoma bila kuombwa. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa mfukoni, kwa sababu pumu haikuondoka, na daktari aliwaambia isiachwe. Lakini mluzi wa kifua haukusikika. Tsuma aligeuka akatazama dirisha kwa muda mrefu. Bi Mbeyu alipangusa macho wala hakuficha.

Susu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alilivuta begi karibu naye, akafungua zipu, akaanza kutoa nguo za Mapenzi moja moja na kumpa Mbinya azirudishe kabatini.

"Nilisema sitarudi mikono mitupu," alisema. "Nipe huo upande wa pili wa leso. Nitamfunika Mapenzi akija kwa likizo."